Mwisho wa katuni, kwa macho yangu

Juzi hapa Mahajanga, kwenye duka la diski, nilimkuta baba mmoja wa kisiwa cha Nosy Be ananunua katuni ya Kijapani, ile sehemu ya mwisho. Muuzaji hujaribu kila diski kwenye runinga: mwanzo, katikati, mwisho. Ikishatoka dukani hairudi.

"Mwisho usiufungue," baba akasema. "Tumeahidiana na mke wangu tutauona pamoja."

"Na ikiganda ukishapanda boti Antsahampano, ukavuka? Mimi simo."

Baba akawaza, kisha akanigeukia. "Koko," akaniita, ndiyo bibi kwetu Wangazija, "niangalizie. Niambie inaganda au haigandi, basi."

Akaipa runinga mgongo, vidole masikioni. Nikaangalia. Kijapani sikijui, maandishi ya chini siyasomi, lakini yule msichana wa kwenye katuni alivyokuwa analikunja shati la kaka yake, nilielewa.

Nikamgusa bega. "Haigandi."

Akanitazama. "Koko, mbona unalia?"

"Vumbi tu, baba."

Akalipa. Duka la pili nikamsikia anaulizia vitambaa vya mkono, viwili.

Nasikia wako watu wanalipwa kueleza filamu magazetini, ukurasa mzima. Mimi nilitumia neno moja, uso ukamaliza mengine.