Sentimita Kumi za Mlango wa Bafu

Saa moja kasoro asubuhi. Simenti haijaanza kukorogwa, lakini Mama Futi ameshaanza ugomvi. Futi ya kupimia nguo iko shingoni, viatu vimejaa mchanga, na anaupima mlango wa bafu kwa mara ya tatu.

"Themanini kamili," anasema.

"Si nilikwambia?" anajibu mwashi kutoka juu ya ngazi. "Au ulidhani mlango umekonda usiku?"

"Fundi, wewe piga plasta. Kupima niachie mimi."

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na minne ni mshonaji. Kwa miaka kumi na mmoja ameshona sare za shule kwenye baraza ya duka la vitambaa, na tangu aanze kujenga, kila sare kumi zikitoka, mfuko wa simenti unaingia. Ramani ya nyumba aliichora mwenyewe, nyuma ya karatasi ya kukatia suruali. Jina la Mama Futi alipewa na mafundi, maana hakuna ukuta aliouacha bila kuupima.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," mwashi analalamika huku akicheka. "Yeye fundi, mimi fundi. Tofali likipinda kidogo tu, nimeshaitwa!"

Lakini kosa kubwa la nyumba hii si la mwashi. Ni la Mama Futi.

Mama yake, bibi wa miaka sabini na mmoja, alianguka miaka sita iliyopita, miguu ikaisha nguvu. Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kwenye nyumba wanayopanga, bafu liko nje na kizingiti chake ni kirefu. Bibi hubebwa hadi ndani na kuogeshwa mlango ukiwa wazi, kwa sababu humo hawaenei wawili. Ni mlango huo uliomfanya bintiye aanze kujenga.

Alipima kiti: sentimita sitini na nne. Akaagiza uwazi wa sabini. Wiki iliyopita fremu ikaletwa, ikala tano huku na tano kule. Zikabaki sitini.

"Jamani," anasimulia. "Nguo za watu naacha nafasi ya mshono. Ya mama yangu nikasahau! Kweli mganga hajigangi."

Alipomweleza mama yake, bibi alimjibu, "Usijisumbue, mwanangu. Kubebwa nimeshazoea." Mama Futi anasema maneno hayo yalimuuma kuliko kosa lenyewe.

Kumbe mkanda wa zege ulipita juu ya milango yote, ukaizunguka nyumba nzima, nao ndio unaobeba ukuta wa juu. Mwashi akaukagua, akasema ukuta unaweza kukatwa upande mmoja bila kudondoka. Akashika nyundo na tindo, akaongeza sentimita ishirini. Jana fremu mpya na mlango wake vilipachikwa.

Leo bibi ameletwa kujaribu. Anasukuma magurudumu mwenyewe, viwiko vinapita bila kugusa mbao. Anageuka, anavuta mlango. Komeo, lililowekwa chini mkono wake unapofika, linalia kach!

Mama Futi anagonga. "Mama, uko salama?"

"Hebu ondoka hapo mlangoni!" sauti inatoka ndani. "Mtu hapumui nyumbani kwake?"

Mama Futi anajibwaga juu ya ndoo ya rangi, anacheka, machozi yanamtiririka.

"Miaka sita hajanifukuza mlangoni," anasema. "Mwezi ujao tukihamia, anifukuze kila siku."