Mzee Suud na Ndizi Zilizozeesha Mawaridi

Nyuma ya duka lake Kariakoo, Mzee Suud alikuwa na chumba cha baridi alichompangisha kila mwenye kitu cha kuoza. Ndizi, mapapai na maua vililala humo bega kwa bega. Ukimuuliza, alikujibu, "Baridi haibagui."

Harusi ya bintiye, Anfal, ilipokaribia, Rachel, mpambaji wa kumbi kutoka Ilala, alileta mawaridi meupe, akayaweka humo. Kesho yake akakuta petali zimetapakaa sakafuni, vikonyo vimebaki uchi.

"Husuda hiyo!" Mzee Suud alitoa hukumu. "Watu wamesikia harusi." Akaagiza chetezo, akafukiza ubani chumbani mpaka watu wakapigana vikumbo kwa moshi, kisha akafunga mlango ili baraka isitoke. Mzigo wa pili wa maua ukapukutika upesi kuliko wa kwanza. "Mnaona? Adui mwenyewe si wa mchezo!"

Rachel uvumilivu ukamwisha. "Mzee wangu, adui ni ndizi. Tunda likiiva hutoa gesi, inaitwa ethilini. Huioni. Matunda ya jirani yakiipata yanaiva haraka, maua yakiipata yanazeeka kabla ya siku zake. Na moshi wa ubani nao unayo."

"Ubani wa marehemu mama yangu uue maua? Wewe binti, una adabu kweli?"

Anfal, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaingilia. "Baba, maua mapya yakae ofisini kwako. Kuna kiyoyozi, na hakuna ndizi."

"Na mimi nikae wapi?"

"Na ndizi."

Bibi harusi habishiwi. Siku zile Mzee Suud alipokea wageni wake juu ya kreti, kanzu imebana magotini, huku mawaridi yakipepewa ofisini kama mabalozi.

Ukumbini maua yakachanua, hakuna petali iliyoanguka. Wageni wakasifu. Mzee Suud akanyakua kipaza sauti. "Jamani, ua na tunda havilali chumba kimoja! Elimu hii tumeachiwa na mababu." Rachel, kwenye meza ya wapambaji, akapaliwa na soda.

Sasa Mzee Suud amejenga chumba cha pili, cha maua peke yake, na anakilinda mwenyewe. Juzi Goodluck, mpangaji wake wa ndizi tangu zamani, alisimama mlangoni kumsalimia, mkononi ana kipande cha papai.

"Rudi nyuma!" Mzee Suud alifoka. "Unawazeeshea watu maua!"

Goodluck akalimalizia papai lake barabarani, akitikisa kichwa.