Ndevu Zenye Udongo

Juzi huko Nyamitanga, katika utafiti wangu wa sanaa za Kivu, nilimwonyesha mzee mmoja Mrega, wa kabila la Kongo, picha ya kinyago kidogo cheupe cha mbao.

“Hii habavalake ku uso,” alisema, yaani haivaliwi usoni. “Mwenyewe akikufa, banailalisha kwanza ku kaburi, kisha ndugu banaibeba.”

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kambini Nakivale tulikokimbilia. Mgeni kutoka Kongo alimkabidhi bibi yangu kitenge kilichonuka moshi. Ndani mlikuwa na kinyago kama hicho, cha babu aliyebaki Kongo, ndevu zake za nyuzi zimegandwa na udongo mwekundu. Bibi alikaa amekipakata. Maharage yaliungua jikoni. Mimi nilifurahi, nikidhani babu ametanguliza mzigo, yuko njiani. Nikakivaa usoni. Kilinikaa sawasawa.

Bibi aliponiona, alipiga magoti. Nikacheka, nikidhani tunacheza.