Jani la Sale Mfereji wa Juu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ilibaki kidogo tu tuumizane kwa sababu ya maji. Ni enzi za Mwingereza, kiangazi kikali, na mfereji wetu unaoteremka kutoka Mlima Meru ulikuwa na maji kiduchu.

Zamu za maji alizipanga Mzee Samweli. Alikuwa mwadilifu, hilo silipingi, ila mbishi kupita kiasi. Zamu zikibadilika, alitangaza Jumapili baada ya ibada, kwa Kimeru, akaona kazi imekwisha.

Chini kabisa ya mfereji alilima Loibor, Mwarusha mwenye ng'ombe na shamba la maharage. Hakusali kanisani kwetu, na Kimeru alikijua kwa kuokoteza. Siku hiyo alipanda juu kwetu na wanawe, fimbo mkononi, kuja kubomoa banio tulilogawia maji. Sisi vijana wa juu tukashika majembe. Niliogopa, nisikudanganye.

"Maharage yangu yanakufa, nyie mnanywesha migomba!"

"Zamu yako ilikuwa juzi," akajibu Mzee Samweli. "Nilitangaza kanisani."

Shangazi yangu Anaeli, aliyekuwa akinywesha kahawa yake, akaja katikati yetu na tope hadi magotini. "Kaka Samweli, huyu anasali kwetu? Sasa ulimtangazia nani?"

Shangazi akakata jani la sale, lile tunalolishika tukienda kuombana msamaha, akalichomeka pale mfereji unapochepukia kwa Loibor.

"Penye sale ndipo penye zamu. Kila mtu apite aone mwenyewe."

Kisha akaziba maji ya kahawa yake, akamfungulia Loibor. Fimbo zikashuka.

Loibor alipomaliza kumwagilia, hakuna aliyekuwa akimsimamia. Nilimwona kwa macho yangu aking'oa lile jani, akalichomeka kwenye mchepuko wa Mzee Samweli, akaita, "Mzee, njoo, zamu yako hii!" Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Mwanangu, nasikia wamekuchagua uongoze kamati. Usiridhike kwamba umeshasema. Uliza nani hakuwepo, nani haelewi lugha yako, na ataliona wapi jambo linalomhusu. Liweke njiani anakopita, kwa alama anayoijua. Ukimwacha gizani, atajaza mwenyewe asilolijua, na mara nyingi atajaza kwamba anaibiwa.

Mungu akupe maneno mepesi na subira ya kuyarudia. Na unaowaongoza wasilale hata siku moja wakijiuliza unawaficha nini.