Milimita Sita za Pumzi

Mimi sipendi kukosolewa, hilo niliseme mapema ili tusije tukalaumiana mbele. Nimeshona nguo miaka thelathini na moja, na magauni yaliyowahi kurudishwa kwangu hayazidi vidole vya mkono mmoja, tena mawili kati ya hayo yalirudi kwa sababu mwenye gauni alikula akanenepa. Watu wananiita Jicho. Mteja akiingia mlangoni, kabla hajakaa, nishajua kiuno chake na upana wa mabega yake. Futi ya kupimia naishika kwa adabu tu, kumtoa mtu wasiwasi.

Jambo moja nimewafundisha wote waliopita kwenye cherehani zangu: ukishapima mwili, ongeza pumzi. Nguo iliyokatwa sawasawa na mwili ni jela. Mtu anakula, anacheka, anainama kuokota ufunguo, sasa atapumulia wapi? Kwa hiyo kwenye daftari langu la vipimo kila mtu ana ukurasa wake, na kila kipimo kina namba mbili. Ya kwanza ni ya mwili. Ya pili ni ya mwili pamoja na pumzi, na ndiyo tunayokatia. Ukikata kwa ile ya kwanza dukani kwangu, katafute kazi kwingine.

Binti yangu anashona hapohapo, kwenye cherehani ya dirishani. Nasema binti yangu, lakini mama yake alikuwa mdogo wangu. Alifariki mtoto akiwa darasa la pili, nikamchukua, na ndiyo maana ananiita Mama Mkubwa. Ana vidole vyembamba na ulimi mkali. Vidole hivyo ndivyo vinavyotia shanga kwenye magauni yote ya maharusi yanayotoka kwangu, na vyenyewe havivai kitu. Sababu naijua, maana nilikuwepo.

Miaka mitatu nyuma kulikuwa na mwanaume mmoja, dereva wa malori. Alimvika pete mbele ya ndugu na majirani, sebuleni kwangu. Pete ikayumba. Binti akashusha mkono kupokea soda, pete ikachomoka, ikabingirika chini ya makochi, na watu wazima wakapiga magoti kuitafuta huku wanacheka. Na yeye akacheka. Wiki ya pili tukajua kwa nini haikumkaa: ilipimwa kwenye kidole cha mwanamke mwingine, ambaye alimrudishia mwenyewe, na dereva hakuona shida kuitumia tena. Binti aliirudisha kwao dereva bila neno. Akakaa miezi haimbi kazini, na yeye si mtu wa kukaa bila kuimba. Siku aliyofungua mdomo aliniambia, "Mama Mkubwa, mtu akinivika tena pete ikacheza kidoleni, sitamuuliza swali. Naivua, naiweka mezani, naondoka."

Namfahamu huyo. Akisema, kasema.

Kisha akaja Baridi. Ni fundi wa mafriji, jina alipewa na wateja wake, ila mwenyewe akishikwa na wasiwasi hutoka jasho mpaka kwenye nyusi. Alikuja kutengeneza friji la duka la jirani, akaanza kupitia kwetu kuomba uzi wa kufungia nyaya. Mimi nimeishi, sijaona fundi wa mafriji anayefunga nyaya kwa uzi. Nilimwacha aendelee kuomba mwaka mzima kwa sababu binti alikuwa ameanza kuimba tena.

Jumatatu moja, binti akiwa ametoka kununua vifungo, Baridi akaingia na kukaa kwenye stuli ya wateja, kofia mkononi.

"Mama, nataka kumuoa. Nataka kumuuliza Jumamosi ya wiki ijayo, hapahapa, bila yeye kujua. Lakini sonara anataka kipimo cha kidole."

"Si umpime."

"Nilijaribu. Alisinzia kwenye kiti, nikamzungushia waya mwembamba. Akafumbua macho. Nikamwambia nafukuza nzi."

"Na habari za dereva unazijua?"

"Kanisimulia zote." Jasho likaanza kumshuka. "Ndiyo maana nimekuja kwa Jicho. Ile pete isipomkaa, mama, mimi nimekwisha."

Ningeogopa hapo ningekuwa na akili. Badala yake nikavimba kichwa. Nikamwambia aende akanywe maji, kipimo atakipata kesho.

Kesho yake nikatoa kipande cha lesi nyeupe kabatini, nikamwita binti kwenye meza ya kukatia. "Niazime mkono wa kushoto. Kuna bibi harusi anataka glavu, vidole vyake vinafanana na vyako."

"Bibi harusi yupi?"

"Hujamwona huyo."

"Wateja wote mimi ndiye ninayewapokea, Mama Mkubwa."

"Huyu kapiga simu."

Akanyoosha mkono polepole. Ukimpima mtu kidole kimoja umeshajitangaza, kwa hiyo nilianza na dole gumba: nazungusha uzi, naukata, naulaza kwenye rula, naandika. Cha shahada. Cha kati. Nilipofika cha pete, mimi niliyepima watu mpaka nimesahau idadi, uzi ukaniteleza. Nikazungusha tena.

"Hicho umekipima mara mbili," akasema.

"Macho yanazeeka."

"Tangu lini?"

Alikuwa hanitazami mimi, anatazama kidole. Na kidole kikajikunja chenyewe ndani ya kiganja, kama konokono akiguswa. Nikakikunjua taratibu, nikapima, nikaendelea mpaka cha mwisho nikizungumzia bei ya lesi. Daftari nimelipakata asilione. Niliandika kwenye ukurasa wake mwenyewe, chini kabisa, maana mkono wangu haujui kuandika mwili wa mtu kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Jioni nikamnakilia Baridi namba kwenye kipande cha karatasi: mzunguko, milimita hamsini na nane. Akakikunja, akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo juu yake.

Siku zilizofuata sikuzipenda. Binti aliuliza glavu tunakata lini, nikasema bibi harusi kaahirisha. Akaenda kuchukua daftari aangalie kipimo cha sketi ya mteja, nikalinyakua nikamsomea mwenyewe. Aliniangalia kwa muda mrefu kidogo. Siku ya nne akapunguza kuimba. Siku ya saba akaacha. Nikamkuta amesimama dirishani, anasugua kile kidole kwa dole gumba, cherehani imesimama, na hiyo ni saa nne asubuhi ya kazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilitaka kumwambia atulie, safari hii amepata mtu, na nisingeweza kumwambia. Nikarudi kwenye mkasi wangu nikaharibu kola mbili.

Jumamosi ikafika. Mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa amesimama juu ya stuli na gauni lililojaa pini pindoni, hawezi kushuka wala kukaa. Binti akatoka kwenda duka la pili kufuata uzi wa rangi ya gauni hilo. Baridi, aliyekuwa amejificha nje nyuma ya mlango wa jirani, akaingia mbio, jasho linamtiririka, akanifungulia kiboksi.

Pete ilikuwa nzuri, nyembamba, haina makuu. Nikaitoa. Vidole vyangu ni vinene kuliko vya binti, vimeshika mkasi miaka yote hiyo. Pete yake haikutakiwa kupita hata kwenye kifundo cha kidole changu. Nikaijaribu tu, kwa mazoea ya fundi.

Ikapita. Ikafika chini, ikazunguka.

"Sonara ulimpa kipimo gani?" nikauliza.

"Kilekile chako, mama. Hamsini na nane."

Nikafungua daftari. Kidole cha pete: hamsini na mbili. Na pembeni yake, kwa mwandiko wangu mzuri: hamsini na nane. Namba ya pili. Nilikuwa nimeongeza pumzi kwenye kidole, na nikampa sonara namba ya kukatia.

"Baridi, ondoka," nikasema huku naichomoa. "Irudishe kwa sonara, usimuulize leo, mimi ndiye..."

Mlango ukafunguliwa. Binti akaingia na uzi mkononi. Akamwona Baridi, akaona kiboksi, akaniona mimi narudisha pete ndani yake.

Baridi hakunisikia. Mtu aliyejikaza wiki nzima kwa ajili ya neno moja hasikii lingine. Alimwendea, akasema aliyoyasema, kwa sauti ya chini, na sitayarudia kwa sababu hayakuwa yangu. Nilichokiona ni binti kuweka uzi juu ya cherehani na kunyoosha mkono wa kushoto, ule ule, safari hii haukujikunja.

Akamvika. Pete ikayumba.

Binti akageuza kiganja chini. Pete ikateleza mpaka kwenye kifundo, ikasita, ikataka kudondoka. Aliitazama. Uso wake ulikuwa ule wa sebuleni, siku watu walipopiga magoti chini ya makochi, isipokuwa sasa hakucheka. Akaivua, akaiweka juu ya meza ya kukatia, taratibu, akachukua mkoba wake.

"Nimefanya nini?" Baridi akauliza. Kisha akaona pete, akaelewa, akanigeukia. Angeweza kunitaja. Neno moja tu, "Mama ndiye aliyepima," na mzigo ungemtoka. Hakunitaja. Alisimama pale na jasho lake.

Na mimi, niseme aibu yangu, nilinyamaza. Mwalimu alikuwa juu ya stuli anatazama, na kesho mtaa mzima ungejua kwamba Jicho ameshindwa kupima kidole. Binti akapita pasi. Akapita kioo. Mkono ukafika kwenye kitasa.

Mficha uchi hazai. "Simama," nikasema. "Hiyo pete imepimwa kwako. Mimi ndiye niliyeipima, na mimi ndiye niliyekosea."

Hakugeuka. "Usimtetee, Mama Mkubwa. Wewe hukosei."

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Miaka thelathini na moja nimejenga jina hilo kwa mikono yangu, na siku niliyotaka livunjike, halikuvunjika. Mtoto niliyemlea alikuwa anamwacha mtu mwema kwa sababu ananiamini kupita kiasi. Machozi yakanitoka mbele ya mteja, nikayaacha. Nikachukua daftari, nikamfuata mpaka mlangoni, nikalifungua kwenye ukurasa wake na kumwekea mikononi.

Ukurasa ule ni wa zamani, umebandikwa karatasi za nyongeza mara tatu. Unaanza na sare ya darasa la pili: kifua, bega, urefu, namba mbili mbili. Ile ya pili miaka hiyo niliizidisha sana, maana mtoto hukua. Sare ya sekondari. Gauni jeusi la mwaka bibi yake alipofariki. Gauni la sherehe ya dereva, nalo limo. Binti alishuka nao kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Vidole vitano. Cha pete, hamsini na mbili. Hamsini na nane.

Kidole chake kikasimama hapo. Nikasikia pini moja ya mwalimu ikidondoka sakafuni.

"Glavu," akasema.

"Hakukuwa na glavu."

"Hata kidole umekipa pumzi, Mama Mkubwa?"

"Mkono umezoea, mwanangu. Sikujua kukukatia bila pumzi."

Akafunga daftari. Alipita pembeni ya Baridi bila kumtazama, akaichukua pete mezani, akaketi kwenye cherehani yake ya dirishani. Akavuta uzi mweupe, akaanza kuuzungusha kwenye pete upande wa chini, ule wa kiganjani, mzunguko juu ya mzunguko, umebanana, kama anavyofunga shina la kifungo. Akakata uzi kwa meno, jambo ambalo nimemkataza tangu akiwa mtoto, na nikanyamaza. Kisha akampa Baridi pete na kumnyooshea mkono.

Akamvika mara ya pili. Binti akaukung'uta mkono kama anayekung'uta maji. Pete ikabaki. Akaukung'uta tena kwa nguvu zaidi, akitazama usoni mwake, si kidoleni. Ikabaki.

"Ndiyo," akamwambia.

Baridi alikaa chini, palepale sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa. Alipopata sauti alisema Jumatatu asubuhi na mapema ataipeleka kwa sonara ikapunguzwe.

"Hupeleki kitu," binti akasema. "Ikipunguzwa nitapumulia wapi?"

Mwalimu akakohoa na kusema samahani, miguu inamuuma. Binti akaokota pini iliyodondoka, akapiga magoti mbele ya pindo, na kabla hajafika pini ya tatu alikuwa anaimba.