Jina la Mwanamke wa Kwenye Kitambaa

Nikipita sokoni mahali wanapouza vitambaa vipya, hujifanya mnunuzi. Nashika kitambaa, nakikunja, nakisogeza karibu na pua, na muuzaji anadhani nakagua rangi. Sikagui chochote. Natafuta ile harufu ya wanga, yenye uchachu kidogo na vumbi kidogo, ambayo kitambaa huipoteza kikifuliwa mara ya kwanza. Binti zangu huona aibu na kunivuta mkono. Sitaki kuwaeleza pale pale mbele ya watu, lakini nyinyi nitawaeleza: hiyo ni harufu ya siku mdogo wangu alipopata jina, na jina lenyewe lilifika Elisabethville likiwa limegandishwa juu ya kitambaa.

Tulikaa cité, yaani mtaa wa wafanyakazi weusi, upande unaoitwa Kamalondo, katika nyumba ya matofali ya vyumba viwili. Baba alifanya kazi ya reli. Mama alipokaribia kujifungua, Nkambo, yaani bibi yetu mzaa baba, alipanda treni kutoka Bukama akaja na kapu la samaki wakavu ambalo harufu yake ilimtambulisha kabla hajabisha hodi. Alikuja kusaidia uzazi, ndivyo alivyosema. Ukweli ni kwamba alikuja na jina.

Jina hilo lilikuwa Banze, jina la mama yake. Banze alifia njiani zamani za watu kutekwa na kuuzwa, wala hakuna aliyejua kaburi lake. Nkambo alikuwa hana kitu kingine cha mama yake duniani, hata ushanga. Mimi nilipozaliwa, zamu ilikuwa ya upande wa mama, nikapewa jina la kwao. Kisha wakafuata wavulana. Baba alikuwa mtoto pekee aliyebaki kwa Nkambo, kwa hiyo kama Banze angerudi, ingekuwa kwa tumbo hili. Nkambo alilichunga tumbo lile kuliko mwenye tumbo. Mama alipojifungua msichana, Nkambo alicheza ngoma peke yake uani, bila ngoma.

Mtoto akaanza kulia. Alilia mchana, akalia jioni, akageuza uso kila alipopewa ziwa. Hakuwa na homa. Mama alikuwa amechoka mpaka midomo imekauka, na Baba alitoka akasimama nje bila sababu, kama wanaume wafanyavyo. Nkambo peke yake ndiye aliyefurahi.

“Mutoto haiko mugonjwa,” alisema. “Anakatala jina.”

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtoto mchanga akilia hivyo na kukataa kunyonya, wazee humketisha mapajani na kumtajia majina ya marehemu wa ukoo. Likitajwa lililo lake, hunyamaza na kunyonya. Na yule uliyerithi jina lake anaitwa majina wako. Akiwa marehemu, anakulinda. Akiwa hai, ndiye wa kwanza kukimbia ukiugua, na siku ya ndoa yako anakaa mbele ya watu wote.

Nkambo akamchukua mtoto, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe: “Banze.”

Mtoto akalia zaidi. Nkambo akalirudia, pengine mtoto hakusikia. Akalisema kwa sikio la kulia, akalisema kwa sikio la kushoto. Akaliimba. Mtoto akawa mwekundu. Basi Nkambo, kwa uso uliokuwa umeanza kushuka, akaanza kutaja wengine: mashangazi, mababu, mpaka mjomba mmoja aliyejulikana kwa ulevi. Wapi! Upande wa mama nao ukatajwa wote. Tulikuwa tumebakiza kutaja majirani.

Mimi nilikuwa pembeni, nimekalia kitambaa kipya ambacho Baba alimnunulia Mama kwa ajili ya uzazi. Kwenye pembe yake ilikuwa imegandishwa karatasi yenye picha ya mwanamke mweupe kama unga, ameshika mwavuli, na chini yake herufi. Masista walikuwa wamenifundisha kusoma mwaka ule ule, na ninyi mnajua mtoto aliyejua kusoma juzi: husoma kila kitu, hata gunia la chumvi. Nikasoma kwa sauti kubwa ili watu wasahau kelele za mtoto na wanisikie mimi. “Ko. Zu. E. Kozue!”

Kilio kikakatika. Mtoto akapiga chafya, akatafuta, Mama akamsogeza haraka, na chumba kizima kikasikia akinyonya.

“Weye!” Nkambo akanigeukia. “Unasema nini pale? Rudilia!”

“Kozue.”

Mtoto akazidi kunyonya.

“Njo nani, ule Kozue?”

“Ni ya pa kitambala, Nkambo. Minasoma tu.”

Mama alicheka na kulia pamoja. Nkambo hakucheka. Alimtazama yule mwanamke wa mwavuli kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekalia kiti cha baba mwenye nyumba. Lakini mtoto ameshachagua, nani wa kubishana naye?

Kesho yake Baba alinishika mkono tukaenda mjini kwa Mgiriki aliyemuuzia kitambaa. Mgiriki aliweka miwani, akasoma karatasi, akasema hilo ni jina la mwanamke, kitambaa kimetoka Japani. Baba akamuuliza maana yake. Mgiriki akafungua mikono. “Mimi nauza kitambala,” alisema. “Maana hapana uza.” Tulirudi na hiyo Japani tu, na Baba njiani alikuwa akiitamka polepole, ajue kuibeba mpaka nyumbani.

Hapo ndipo matata yalipoanza. Habari ilifika bombani, pale wanawake wa cité walipopanga ndoo zao kungoja maji, na habari ikifika bombani imefika kila mahali. Mtoto wa watu wa reli ana jina lisilo na mtu! Nani atamlinda? Mwanamke wa karatasi? Jina bila majina, walisema, ni nyumba bila muntu ndani, na nyumba tupu huingiwa na chochote. Mama alisikia hayo akarudi na ndoo nusu, machozi nusu. Tangu siku hiyo aliogopa kumwita mtoto. Alisema tu “huyu,” na usiku alikuwa akimwekea mkono kifuani kuangalia kama anapumua. Mimi pia niliogopa. Nilijua ni mdomo wangu ulioleta mwanamke yule ndani, na nilikwenda kumwomba Bikira Maria amsaidie kumlinda mtoto, kwa kuwa wote wawili ni wanawake wa picha.

Baba akaamua tumrudishe mtoto kwa Banze, apende asipende. Siku nzima tulimwita Banze. Siku nzima alikataa ziwa. Jioni sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, na hilo lilitutisha kuliko kelele. Nkambo alimchukua, akamkazia macho. Nilimwona anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena.

“Kozue,” alisema. “Kula, mama.” Mtoto akarudishwa kifuani akala.

Asubuhi Nkambo alioga, akakivaa kile kitambaa kipya, bila kukifua, na karatasi yake ikiwa imegandama hapo kiunoni. Akachukua ndoo akaenda bombani, nami nikamfuata. Wanawake walipomwona waliikodolea macho karatasi ile. Akaweka ndoo chini.

“Mulisema jina haina na muntu,” alisema. “Muniangalie muzuri. Kuanzia leo mie njo Kozue. Muntu akiniita ile jina ya zamani, siitiki. Mutoto iko na majina yake, na majina yake iko na mikono miwili ya kupiga muntu.”

Mmoja akapiga kigelegele, na bomba zima likalipuka kwa kicheko. “Mama Kozue! Pita mbele, uteke maji!” Akapita mbele. Alikuwa mtu wa kujua kutumia nafasi.

Tangu hapo mambo yalinyooka, isipokuwa kwa padri. Siku ya ubatizo aliuliza Kozue ni mtakatifu gani. Baba akajibu kwa heshima zote: “Mon père, bado hatuyamujua muzuri.” Padri akambatiza Maria, na sisi tukaendelea na letu. Baba alilazimika kumwita mtoto mchanga “mama,” maana alikuwa na jina la mama yake, na kumwomba radhi alipomkanyaga.

Jina likaenea. Nkambo hakurudi Bukama, na alikuwa majina mzuri ajabu: mtoto wake akikohoa, amefika na dawa, akiota jino, ameleta kuku. Wanawake wa bombani waliona faida. Mmoja alizaa akamwomba Nkambo jina, kisha mwingine. Tulipohamia Katuba, kina Kozue walihamia nasi. Leo ukiuliza kijana hilo ni jina la wapi, atakuambia bila kusita ni Kiluba safi, cha mababu.

Miaka mingi baadaye, Wajapani walipokuja kuchimba shaba upande wa Kasumbalesa, mmoja wao alikuwa akinunua mboga kwangu. Nilimtajia jina. Alishtuka akaweka nyanya chini. Kwa Kifaransa chake cha kuokoteza alinieleza kwamba ni neno la kale, maana yake ncha za juu za matawi, pale mti unapoishia. Lakini kama jina la mtu, alisema, utotoni kwake lilikuwa adimu, alimjua mmoja tu, mke wa mwalimu wao. Nikamwambia aje kanisani kwetu Jumapili, aite mara moja, aone vichwa vitakavyogeuka. Alivua kofia. Sijui alikuwa akimvulia nani.

Ni maana nzuri, nimeitunza. Lakini iliyonikaa moyoni nilipewa na Nkambo mwenyewe, tukiwa Katuba, mimi tayari nina mimba yangu ya kwanza. Utotoni nilikuwa nikidhani kwamba siku ile bombani alishinda. Alivyotembea, alivyocheka! Nilipobeba mimba ndipo nilipoanza kuhesabu alichokiacha pale: jina lake mwenyewe, na la mama yake. Nikamwambia, nikizaa msichana, nitajaribu Banze. Nilitaka kumfurahisha.

Alikuwa akichambua maharage. Hakuacha.

“Umuache mutoto achague,” alisema.

“Lakini Nkambo, Banze atapotea. Hakukasirika, weye kumuacha vile?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana unyevu.

“Mama yangu alikufa na njaa mu njia,” alisema. “Chakula ilikuwa ya muntu moja. Alinipa mie, akasema yeye amekwisha kula. Nilikuwa mudogo, nikaamini.” Akapuliza maganda. “Mutoto alikuwa anakatala kula sababu ya jina ya mama. Ungemuuliza Banze, angesema nini?”

Nilishika tumbo langu nikalia, naye akanisukumia maharage nimsaidie.

Nilizaa msichana, na alichagua Kozue, kama wenzake. Hakuna Banze hata mmoja katika ukoo wetu leo. Lakini kila ninapowaita wale Kozue waje kula, na wanakuja wakisukumana, wamenenepa, nadhani Banze angesema yeye amekwisha kula.