Behewa Aliloliunguza Alfayo

Alfayo Ayoo alikuwa seremala wa makasha ya chai katika shamba moja upande wa Kericho, miaka ile viwanda vilipokuwa bado vipya na barabara ya kwenda stesheni ya Lumbwa ikigeuka matope kila alasiri. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa kusikia jina lake likiitwa kwa sauti. Kabla ya kuja kwenye chai alifanya kazi Kisumu miaka sita, akitengeneza mabenchi na madirisha ya mabehewa ya daraja la tatu. Siku moja, wakinywa uji, alimsimulia karani Kepher habari hizo. Kepher alikuwa na mdomo mwepesi, na ndivyo habari ilivyomfikia meneja.

Meneja, Bwana Pringle, alikuwa na treni ndogo ya bati iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Reli zake zilizunguka chumba kizima nyumbani kwake, zikapita chini ya meza na kutokea nyuma ya kabati. Injini ilitiwa ufunguo kama saa, kisha ikavuta mabehewa matano ya abiria, kila moja refu kama unyayo wa mtu mzima. Jumatatu asubuhi Bwana alimwita Alfayo, akamwekea behewa moja mikononi.

"Hii ya Ulaya," alisema. "Mimi nataka kama ile ya hapa. Tedi klasi. Wewe nakata dirisha kubwa, natia benchi, natia watu. Jumapili wageni nakuja. Kama naharibu, shauri yako."

Alfayo alijua maana ya shauri yako. Mwaka uliotangulia Kebaso, aliyefanya kazi ya nyumbani kwa Bwana, aliangusha taa ya kioo alipokuwa akiipangusa. Alifungwa miezi mitatu. Alipotoka, kipande chake, ile hati ya kazi ambayo kila mfanyakazi alilazimika kubeba, kilikuwa kimeandikwa maneno ambayo kila meneja aliyeyasoma alimwonyesha mlango.

Siku mbili za kwanza kazi ilienda vizuri. Nyuma ya stoo ya makasha Alfayo alikata madirisha kwa mkasi wa kukatia bati, akalainisha kingo kwa tupa ndogo, akihema kwa pua tu kana kwamba pumzi yake ingeweza kupinda kitu. Jumatano alitaka kuweka vile vivuli vya juu ya madirisha vinavyozuia jua. Akapasha moto chuma cha kulehemu, akakigusisha ubavuni.

Hakujua kwamba behewa lenyewe lilikuwa limeungwa kwa madini laini ya risasi, yanayoyeyuka upesi. Kiungo cha juu kiling'aa, kikayeyuka, na ubavu mzima ukaachana na paa. Alipojaribu kuushika, bati lilimchoma vidole likaanguka, likajikunja. Rangi ikavimba malengelenge.

Alilifunika kwa aproni yake. Akatoka nje akachovya vidole kwenye ndoo ya maji iliyokuwa ukutani.

Kepher alimkuta ameinama pale ukutani. Alipoonyeshwa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Omera, ndugu yangu, ondoka leo. Pitia Roret. Ukifika Sondu, uko nyumbani."

"Na kipande? Nikitoroka bila sahihi ya Bwana, polisi watanichukua kabla ya hiyo Jumapili."

Kepher akatazama chini. "Mimi sijaona kitu," alisema, akaenda zake.

Mchana Alfayo alilipeleka behewa nyumbani chini ya koti. Mkewe Dorcus alimwekea chakula, akaona hakigusi.

"Baba Jerusa, una nini?"

Akalitoa. Dorcus aligeuza ule ubavu uliojikunja.

"Yale makubwa ya Kisumu, mlikuwa mnatengeneza kwa bati?"

"Ubavu ni mbao. Sakafu, mbao. Bati ni paa."

"Basi?"

Alfayo alielewa, na hofu yake ikaongezeka. Kuharibu kulikuwa kosa moja. Kubadilisha kitu cha Bwana bila ruhusa lilikuwa la pili. Hata hivyo alirudi stoo, akachukua mbao nyembamba ya kasha lililovunjika, akaipiga msasa mpaka ikawa nyembamba kama kucha. Akakata madirisha kumi upya. Akatia mabenchi, akatia vivuli, akapaka rangi. Viatu vikisikika nje, alirusha gunia juu ya kazi yake na kushika nyundo.

Abiria aliwachonga mwenyewe, Dorcus akawavisha vitambaa. Mmoja wa abiria hao, mwanamke, akampakatisha kuku mdogo wa mbao.

"Mtoe huyo kuku," Alfayo alisema. "Bwana atafikiri tunamcheka."

"Mimi mwenyewe nilikuja Lumbwa na kuku. Tena gundi imeshakauka."

Jumamosi aliona kwamba behewa limekuwa jepesi mno, litaruka reli kwenye kona. Akakunja ile karatasi ya madini ya risasi inayowekwa ndani ya makasha ya chai, akaibandika chini ya sakafu. Hakuwa na reli ya kulijaribia.

Jumapili, baada ya kanisa, alisimama mlangoni mwa chumba cha treni, kofia mkononi. Wageni walikuwa wanne. Bwana alipokea behewa, akalifunga nyuma ya mengine, akatia ufunguo. Treni ikapita chini ya meza, ikapotea nyuma ya kabati. Alfayo akafumba macho. Akasikia magurudumu yakikwaruza, kisha wageni wakipiga makofi.

Lakini Bwana alilinyanyua tena. Alipitisha ukucha ubavuni, pole pole.

"Hii mbao."

"Ndiyo, Bwana." "Niliunguza. Bati liliharibika. Hili ni mimi nimetengeneza."

Bwana alisogea dirishani, akachungulia ndani ya behewa.

"Hii nini?"

"Kuku, Bwana."

"Kuku napanda treni?"

"Ndiyo, Bwana. Daraja la tatu, kuku hupanda."

Mama mmoja mzee kati ya wageni alicheka mpaka akaketi. Bwana hakucheka. Alilirudisha behewa kwenye reli kwa mikono miwili.

"Kesho nachukua ile nne. Nafanya yote kama hii."

Alfayo alitoka mpaka ngazi za nyuma, akaketi. Hakuwa na furaha. Aliwaza tu kwamba sasa kulikuwa na mabehewa manne ya kuharibu badala ya moja.

Hakuharibu hata moja. Kazi ilichukua mpaka mvua za masika. Bwana Pringle alipoondoka nchini miaka mitatu baadaye, aliandika kwenye kipande cha Alfayo kwamba ni fundi mwaminifu. Kwa maneno hayo Alfayo alipata ruhusa ya kufungua karakana yake karibu na Longisa, akatengeneza milango na vitanda mpaka uzeeni.

Wateja wake walimjua kwa tabia moja. Kabla ya kupokea mbao ya mtu, alichukua kipande kibovu cha mbao yake mwenyewe, akakikata na kukitoboa mbele ya mteja.

"Acha niharibu hiki kwanza," alikuwa akiwaambia. Wao walicheka, yeye hakucheka.